Mbwa Msaidizi Si Mlezi wa Mwenye Dimenshia

Wengi wakisikia kwamba wapo mbwa wanaofunzwa kuwasaidia watu wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hudhani kuwa mgonjwa huachwa peke yake na mnyama huyo, amwongoze njiani na kumrudisha nyumbani kama mbwa amwongozavyo kipofu. Sivyo. Katika mradi wa Uskoti unaoendeshwa na mashirika ya Alzheimer Scotland na Dogs for Good, uliochipuka kutokana na wazo la wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Glasgow School of Art, mbwa hukabidhiwa watu wawili wanaoishi pamoja: mwenye dimenshia, ambaye ugonjwa wake bado uko katika hatua za awali, na mwenzake anayemtunza.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Kengele maalumu ikilia, mbwa hukiendea kifuko cha dawa, hukibeba kwa meno na kumpelekea mhusika. Lakini kuhakikisha kwamba kidonge kimemezwa, tena kwa kipimo sahihi, hubaki kuwa jukumu la mtunzaji, na mbwa naye anahitaji chakula, matembezi na daktari wa mifugo, mzigo ambao ni heri upimwe mapema.

Mbwa hatibu dimenshia wala haizuii kuendelea. Anachosaidia kurejesha ni utaratibu wa siku: kuamka, kumlisha, kutoka naye nje; na huko nje, pengine faida hii ndiyo kubwa zaidi, majirani waliozoea kumpita mgonjwa kimya husimama kumsifu mbwa, kisha huzungumza na mwenye mbwa.