Kabla Hujamnyoa Poni Mchanga

Kila msimu wa baridi unapokaribia naulizwa swali lilelile, na linakuja na jibu lake: "Poni wangu ana miaka miwili, manyoya yamemjaa mpaka macho hayaonekani. Si nimnyoe, halafu nimvalishe blanketi?" Nimechoka kulijibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo leo naandika yote hapa. Kunyoa farasi, na poni ambao ni farasi wa jamii ndogo, ndiyo kazi inayonilisha. Ningeweza kusema ndiyo, nikachukua pesa yangu nikaondoka. Lakini kwa poni mchanga ambaye hajaanza kazi, jibu langu karibu kila mara ni hapana, na kinachonikera zaidi ni hiyo sehemu ya blanketi. Nitaifikia.

Kwanza manyoya yenyewe. Watu wengi wanadhani yanaota kwa sababu ya baridi, kwa hiyo wanamfungia mnyama bandani kwenye joto wakitegemea atabaki na manyoya mafupi. Baridi ina mchango wake, lakini anayeongoza ni mwanga. Kaskazini mwa ikweta, mchana ukianza kufupika baada ya tarehe 21 Juni hivi, usiku unarefuka, homoni ya melatonini inaongezeka, ile ya prolaktini inashuka, na mwili unaanza kuandaa manyoya ya baridi wakati wewe bado unavaa shati la mikono mifupi. Baada ya tarehe 21 Desemba mwelekeo unageuka, ingawa manyoya yenyewe utayaona yakidondoka wiki nyingi baadaye. Kusini mwa ikweta miezi hiyo inabadilishana.

Sasa chukua poni aliyenyeshewa usiku kucha, umkaribie asubuhi. Ukimwangalia kwa mbali unamhurumia: nywele za juu zimeshikana, zimechongoka kama ncha za brashi, maji yanachuruzika tumboni. Ingiza vidole viwili mgongoni, uyatenganishe manyoya mpaka uone ngozi. Ndani ni pakavu. Pana joto, na vidole vinatoka na utando wa mafuta ya kijivu. Zile nywele ndefu za juu zinapeleka maji chini, mafuta yanayazuia yasipenye, na manyoya laini ya ndani yanashika hewa. Kila unywele una msuli mdogo kwenye shina lake: baridi ikizidi unasimama na tabaka la hewa linanenepa, jua likitoka unalala. Ndiyo maana theluji inaweza kukaa mgongoni mwa poni bila kuyeyuka, na hiyo ni dalili kwamba joto lake halivuji. Watu wananipigia simu kwa hofu kwa jambo ambalo lingepaswa kuwatuliza.

Sasa blanketi. Blanketi lina unene mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi ni nyuzi mbili chini ya sifuri, saa saba mchana jua limewaka na ni nyuzi kumi na mbili, jioni upepo na mvua. Manyoya yanajirekebisha yenyewe mchana kutwa. Blanketi linasubiri mtu aje alivue. Je, utakuwepo saa saba? Wanaoniambia "nitambadilishia" wengi wako kazini saa hiyo, na poni anasimama uwanjani akitokwa jasho chini ya nguo aliyovalishwa alfajiri. Jasho likipoa ndani ya blanketi, amebaki na unyevu ambao asingekuwa nao kama ungemwacha alivyo.

Halafu angalia linafunika nini. Mgongo, mbavu, makalio. Shingo mara nyingi iko wazi, tumbo kwa sehemu kubwa liko wazi, miguu yote iko wazi. Ukimnyoa mwili mzima umeondoa kinga kila mahali, kisha umerudisha kidogo juu. Na poni mchanga anakua. Blanketi lililomkaa vizuri mwanzoni mwa msimu, kabla msimu haujaisha linambana kifuani na kumkwaruza mabega mpaka nywele zinatoka. Ukiongeza kwamba wachanga hukaa kwa makundi, wanavutana kwa meno, wanakimbizana, wanalala chini na kuinuka mara nyingi kwa siku, mikanda inakatika au mguu unaingia pasipotakiwa. Mnyama mzima aliyetulia atavumilia. Mtoto wa miaka miwili anajifunza kwamba nguo inamtisha, na woga huo utaukuta siku ya kumwekea tandiko.

Hata blanketi jembamba juu ya manyoya kamili lina hasara yake: linayalaza. Umeondoa hewa aliyojitengenezea, ukampa kitambaa badala yake. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu watu hulifanya kwa mapenzi. Wao wenyewe wanasikia baridi, wanajipima wao, kisha wanampa mnyama dawa ya baridi isiyo yake.

Kuhusu nyuzijoto, mtazikuta tarakimu kila mahali. Farasi mzima mwenye manyoya mafupi ya kiangazi huhesabiwa kuanza kutumia nguvu za ziada kujipasha joto halijoto ikishuka chini ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Mwenye manyoya kamili ya baridi anaweza kushuka vizuri chini ya sifuri kabla ya kufika hapo, wapo wanaotaja nyuzi 8 chini, wapo wanaotaja 15. Mimi tarakimu hizi nazitumia kwa tahadhari. Zinamhusu mnyama mkavu, asiyepigwa na upepo, aliyeshiba, na mara nyingi aliyekomaa. Mvua na upepo vikija pamoja, nyuzi 4 zinaweza kumtetemesha poni ambaye angestarehe kwenye baridi kavu chini ya sifuri. Na mchanga ana mwili mdogo, ngozi nyingi kwa kulinganisha na uzito wake, na chakula chake kinagawanywa kati ya kuishi na kukua. Ukimnyoa, sehemu inayopaswa kujenga mifupa inakwenda kuchoma joto. Kipimo cha kukwambia hapa ndipo mwisho, sina. Namwangalia mnyama: akitetemeka kwa muda mrefu na amekunja mgongo, amezidiwa. Masikio ya baridi peke yake hayanipi taarifa. Naweka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, palipofichika, na kuamini kiganja.

Kwa nini basi tunanyoa? Kwa sababu ya jasho. Farasi anayefanya kazi ngumu akiwa na manyoya mazito analowa mpaka kwenye ngozi, kuanzia ndani kwenda nje, na njia hiyo mafuta hayaizuii. Hapo manyoya yanalala, hewa inatoka, na anaweza kukaa saa nyingi bila kukauka wakati baridi ya jioni inaingia. Huyo nyoa, maana manyoya yake yanamwangusha. Swali la kujiuliza, basi, ni analowa mara ngapi kwa wiki na nani atamkausha. Uzito wa manyoya haujibu swali hilo. Poni wa miaka miwili anayekula nyasi na kucheza uwanjani halowi kwa jasho. Akitokwa jasho amesimama tu, siku ya baridi, tafuta homa au maumivu, au blanketi alilovalishwa na jirani mwenye huruma.

Mwenye miaka mitatu au minne aliyeanza kufundishwa ni kesi tofauti, na hapo nakubali kuwasha mashine ya kunyolea. Lakini kidogo. Nanyoa utepe kutoka chini ya koo kushuka mbele ya shingo hadi kifuani, labda na kuendelea kidogo kati ya miguu ya mbele, mahali anapoanza kulowa. Mgongo, kiuno, makalio na miguu naviacha. Mara nyingi anaweza kulala nje bila blanketi, mradi ana mahali pa kujikinga na upepo. Baada ya wiki tatu za mafunzo mwangalie tena. Kama jasho linapanda mbavuni, pandisha mstari. Kunyoa zaidi baadaye ni rahisi, kurudisha haiwezekani mpaka mwili wenyewe uamue.

Kuna hoja nyingine ninayoletewa: "manyoya yanaficha, sijui kama amekonda." Kweli yanaficha, na kwa poni wachanga yanaficha hatari. Nimewahi kuweka mkono juu ya mtoto aliyesifiwa kwa unene, vidole vikazama kwenye manyoya vikakutana na mbavu moja moja, na uti wa mgongo umechongoka. Dawa ni mkono, kila wiki, mbavuni, juu ya uti na mzizi wa mkia. Mizani ya Henneke ya mwaka 1983, inayompa farasi alama 1 hadi 9 kwa unene wake, inahitaji kugusa pamoja na kuangalia. Manyoya marefu yaliyofifia, yasiyodondoka joto linaporudi, kwa mnyama mzee yananifanya nifikirie ugonjwa wa tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo. Kwa mchanga nafikiria minyoo, njaa na chawa, na namwita daktari wa mifugo kabla ya kinyozi. Akiwa na magaga yanayong'oka na vishungi vya nywele mgongoni, huenda ni bakteria wa Dermatophilus congolensis anayependa ngozi iliyolowa. Daktari akisema nyoa ili dawa ifike, nyoa. Hiyo ni sababu halali.

Ninapositasita ni kwa poni mnene. Kwa wazima walionenepa kupita kiasi, kunyoa sehemu na kuwaacha bila blanketi ili mwili uchome mafuta ni njia inayotumika, na ninaielewa: baridi ndiyo iliyowapunguza mababu zao, na laminitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato, inaumiza kuliko baridi yoyote. Kwa mchanga mnene nimegawanyika. Anahitaji kupungua, anahitaji pia kukua, na siwezi kumwambia mwili uchukue huku uache kule. Mpaka sasa nachagua kurekebisha nyasi na kumtembeza, na mashine naiacha kwenye sanduku. Mtu mwingine mwenye akili anaweza kuchagua vingine na nisigombane naye.

Usiponyoa una kazi zako. Usimwoshe. Usimsugue kwa brashi ngumu mpaka ang'ae, mafuta unayoyatoa ndiyo paa lake. Mpe ukuta au kichaka cha kukata upepo, maji yasiyoganda, na nyasi kavu za kutosha: poni wa kilo 200 anakula kilo 4 hivi kwa siku, na uchachukaji wake ndani ya utumbo mpana unampa joto ambalo nafaka haimpi kwa kiwango hicho.

Na kama lazima unyoe, mnyama awe mkavu na safi, wembe mkali, na uupime kwa mgongo wa mkono wako kila baada ya muda mfupi, maana unapata moto bila kukuambia. Siku za kwanza asikie mlio tu, kisha ashikishwe mashine begani ikiwa imezimwa. Dawa ya usingizi ni ya daktari. Ndevu za mdomoni na karibu na macho usiziguse, anapapasa nazo gizani. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limekataza kuzikata kwa farasi wa mashindano tangu Julai 2021. Ndani ya masikio pia acha.

Kama umeshamnyoa mwili mzima kabla ya kusoma hapa, usifadhaike, ila umeichukua kazi ya manyoya mpaka mwisho wa baridi. Mfunike, shingo ikiwemo, vua na umguse asubuhi na jioni, ongeza nyasi, mweke ndani usiku wa mvua na upepo. Ukinyoa mapema msimu, yataota tena kiasi. Ukinyoa mwishoni mwa Januari, kwa kaskazini, yatakayofuata ni ya kiangazi, na hayo hayamfai mnyama kwenye baridi ya Februari. Wanaosema kunyoa wakati huo kunaharibu koti la kiangazi wana sehemu ya ukweli: ncha za nywele mpya zikikatwa, rangi hukaa na madoa mpaka mabadiliko yajayo. Wengine nimewanyoa wakati huohuo wakatoka wanang'aa. Kwa mchanga sijaribu.