Gari la Zimamoto Halikuja Bila Maji

Kila baada ya moto mkubwa kwenye makazi yasiyopangwa, malalamiko yanayotufikia sisi askari wa zimamoto ni mawili: tumechelewa, na tumekuja bila maji. La kwanza wakati mwingine ni kweli, na sababu zake nitazieleza. La pili si kweli, na limeshawafanya askari wapigwe mawe wakiwa wameshika mpira wa maji mkononi. Tulipigie hesabu.

Gari la kuzimia moto hubeba lita 2,000 hadi 10,000, kutegemea aina. Chukua la lita 5,000. Mpira mmoja hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Fungua mipira miwili kwa pamoja, na tangi limekauka ndani ya dakika tano au sita. Hapo gari ni lazima liende kujaza. Mwananchi anayefika wakati huo analikuta linageuza, tangi tupu, nyumba zinaungua, naye anasema kile anachokiona. Lakini gari lilikuja limejaa. Limeishiwa kwa sababu lilikuta nyumba arobaini zinawaka, na maji yake ni ya kuzima nyumba moja au mbili.

Kwenye mitaa iliyopimwa, chini ya barabara kuna mabomba yenye vituo vya kujazia magari ya zimamoto. Kwenye makazi yasiyopangwa vituo hivyo ama havikuwahi kuwekwa, ama kilikuwepo kimoja na sasa kuna kibanda juu yake. Wengine hutuuliza kwa nini hatunyonyi maji ya mto au kisima. Tunanyonya, pale inapowezekana. Pampu hunyonya maji kwa msaada wa mgandamizo wa hewa, na kwa kazi yetu haivuki kina cha mita saba hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani. Na ni lazima gari lifike karibu na maji hayo. Gari lenye upana wa mita mbili na nusu, likiwa na uzito wa tani zaidi ya kumi, halipiti kwenye kichochoro cha watu wawili kupishana, wala juu ya mbao zilizowekwa kuvuka mtaro.

Basi askari hushuka barabarani na kuunga mipira. Mpira mmoja una urefu wa mita 20 hadi 30. Nyumba inayoungua ikiwa mita mia mbili ndani, inatakiwa mipira saba hadi kumi iungwe, ipinde kwenye kila kona, na kila mita inapunguza nguvu ya maji. Nimewahi kushika mpira uliokuwa unatoa maji kama ya bomba la uani. Tulirudi nyuma kuufuata gizani, kona baada ya kona, mpaka tukakuta kochi limewekwa juu yake. Mwenye kochi alikuwa ameliokoa na kulitua pale, mahali pa kwanza palipokuwa wazi, kisha akakimbilia watoto. Simlaumu hata kidogo. Ila kochi lile lilikuwa limebana maji ya vyumba vilivyokuwa mbele yetu.

Sasa kuhusu kuchelewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walijenga vibanda 20 vya majaribio vilivyobanana, kama watu wanavyoishi kweli, wakavichoma makusudi wakipima. Hazikuisha dakika kumi, vyote vilikuwa vinawaka. Chumba kidogo cha mbao na mabati, chenye maboksi ukutani ya kuzuia baridi, godoro la sponji na nguo zilizoning'inizwa, hujikusanyia moshi wenye joto kali chini ya paa mpaka vitu vyote ndani vinashika kwa mkupuo. Baada ya hapo ndimi za moto hutoka mlangoni na dirishani kutafuta ukuta wa jirani. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza angalau mita tatu kati ya kibanda na kibanda. Kituo chetu kikiwa kilomita tano tu, barabara nyeupe, simu ikapigwa papo hapo, bado dakika kumi hizo zitakuwa zimekwisha.

Kwa hiyo nyumba ya kwanza huokolewa na jirani. Sisi tunakuja kuokoa ya ishirini.

Jirani huyo anahitaji nini? Mchanga kwenye ndoo, blanketi zito la kulowesha, na pipa la maji lisiloguswa kwa kufulia. Anahitaji pia kujua kinachowaka kabla hajamwaga kitu. Mafuta yanayowaka kwenye sufuria hayamwagiwi maji. Yafunikwe na mfuniko, jiko lizimwe, na sufuria isibebwe kukimbizwa nje. Hili tunalisema kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu anaungua uso akikimbia na sufuria. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo mafuta. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Waya unaotoa cheche haumwagiwi maji mpaka umeme ukatwe. Jiko la mafuta ya taa linalolipuka mara nyingi halina ubovu wowote. Mafuta ndiyo yenye kasoro. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike nyuzi joto 38 au zaidi, lakini petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Muuzaji akichanganya kidogo tu, umenunua bomu kwenye chupa. Na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni, hupenya chini ya ukuta, na huweza kuwashwa na jiko la jirani ambaye hajui lolote. Ukisikia harufu yake usiwashe taa, na taa iliyokwisha kuwaka usiizime. Funga mtungi, fungua mlango, toa watu.

Mafuta yanayovuja nayo yasikimbiliwe na ndoo. Tarehe 12 Septemba 2011, huko Mukuru Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilifuata mfereji mpaka katikati ya nyumba za watu. Wakazi walitoka kuichota. Ikashika moto, na watu wapatao 100 walikufa. Umaskini ndio uliowapeleka mferejini, tunalijua hilo, na hatulisemi kwa kuwadharau. Tunalisema kwa sababu mafuta bado yanavuja, na watu bado wanakimbilia na madumu.

Niseme pia kuhusu kufuli. Mzazi anayetoka usiku kwenda kazini hufunga mlango kwa nje, kwa nia njema kabisa, ili watoto wasitoke na mwizi asiingie. Mtoto mdogo akiona moto hakimbii, hujificha. Tumewakuta chini ya kitanda, nyuma ya pipa, ndani ya kabati. Tafadhali, ufunguo wa pili uachwe kwa jirani anayelala, na jirani huyo ajue kuna watoto wangapi ndani. Ukilala nawe ndani, ufunguo ukae mahali ambapo mkono wako utaufikia gizani, kwenye moshi, ukiwa umepiga magoti. Dirisha la nondo liwe na upande mmoja ambao aliye ndani anaweza kuufungua.

Simu. Hapa naomba utulivu, kwa maana ndipo tunapopoteza dakika nyingi kuliko barabarani. Simu za moto zinazotufikia huwa na maneno matatu, "moto, njooni haraka", kisha zinakatwa. Gari haliwezi kuondoka kuelekea "haraka". Mpokeaji simu atakuuliza, kwa mpangilio huu: uko wapi, na alama gani kubwa iliyo jirani inayojulikana na mtu asiye wa mtaa huo (shule, msikiti, kanisa, mnara wa simu), nini kinaungua, kuna watu ndani au hapana, gari linaweza kufika umbali gani, na namba yako. Jibu, usikate mpaka uambiwe. Wakati unaulizwa, gari la kwanza linaweza kuwa limeshaanza kutoka, maswali hayalicheleweshi. Kisha watu wawili waende barabara kuu, mmoja abaki kwenye makutano akipunga tochi au kitambaa, mwingine atangulie mbele ya gari. Dereva wetu hajui kuwa njia ya kushoto huishia chooni. Wewe unajua.

Hakuna atakayekuuliza hati ya kiwanja. Hakuna atakayekuuliza umeme wako unatoka nguzo gani. Imani kwamba anayepiga simu ndiye atakayekamatwa imeenea mno, na imegharimu nyumba nyingi. Uchunguzi wa chanzo hufanyika baadaye, na anayetoa taarifa ni shahidi, si mtuhumiwa.

Kinachoadhibiwa ni kingine. Sheria za zimamoto za nchi nyingi humpa askari aliye kazini mamlaka ya kuingia popote, kuvunja mlango au ukuta, kubomoa kibanda ambacho hakijaungua ili moto usivuke, kufunga barabara, na kuchota maji ya kisima au tangi la mtu yeyote. Kumzuia, kumshambulia, kukata au kuhamisha mpira wa maji, kuharibu kituo cha kujazia maji au kukijengea juu, ni makosa ya jinai, na adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili, kwa kadiri ya sheria ya mahali husika. Simu ya uongo ni kosa vilevile, na namba iliyopiga huweza kujulikana hata ikifichwa. Mzazi anaweza kutakiwa kueleza simu aliyopiga mtoto wake. Vitu vilivyoungua visifagiliwe wala kufukiwa kabla wachunguzi hawajaviona. Bila taarifa ya uchunguzi mara nyingi fidia ya bima hailipwi, na hata misaada mara nyingi hugawiwa kwa kufuata orodha inayoandaliwa siku hiyo. Asiyekuwepo kwenye orodha hutaabika kuingizwa baadaye.

Kubomoa ndiko kunakoumiza kuliko yote. Nyumba nzima, haijaguswa na moto, na askari anaingia na shoka. Mwenye nyumba analia, na ana haki ya kulia. Tukikuta njia ya mita tatu au nne iliyokwisha kuachwa na wakazi wenyewe, hatubomoi. Tunasimama hapo na maji tuliyonayo, na moto unakuja kufia mbele yetu.

Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo mafuta. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

Nafasi ya kuacha njia hiyo ya mita tatu au nne huja mara moja tu, nayo ni asubuhi baada ya moto, na hata hapo si rahisi. Machi 2017, Imizamo Yethu huko Cape Town, moto uliteketeza vibanda zaidi ya 2,000 na kuwaacha karibu watu 10,000 bila makazi. Mpango wa kupanga upya eneo hilo na kuacha barabara uliishia kwenye mivutano. Naielewa mivutano ile. Anayechomeka nguzo zake majivu yakiwa bado ya moto anajua kwamba asipofanya hivyo, kufikia jioni nafasi yake itakuwa ya mtu mwingine, na hakuna ofisi itakayomrudishia. Huwezi kumwambia mtu huyo asubiri mpango wa miezi sita akiwa amelala na watoto nje.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa mitaa wakubaliane na wakazi sasa, kabla ya moto wowote, njia ipite wapi. Moto ukitokea, kamba ivutwe kwa upana wa mita nne kabla shimo la kwanza la nguzo halijachimbwa. Wale ambao vyumba vyao vitaangukia kwenye kamba wajulikane mapema kwa majina, kila mmoja aonyeshwe mahali atakapohamia, na karatasi hiyo isainiwe mbele ya mashahidi, nakala moja ibaki kwa kiongozi wa mtaa na nyingine iletwe kituo cha zimamoto.