"Mpya ni Mpya" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Spea za Magari ya Zamani

Mwezi huu peke yake wateja watatu wameingia katika gereji yangu hapa Nakuru wakiwa na katoni ya spea mkononi na lalamiko lile lile mdomoni: gari lilikuwa likienda vizuri hadi siku lilipowekewa vitu vipya. Nilipowauliza spea zilizotolewa ziko wapi, kila mmoja alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za maganda ya ndizi aliyoyatupa juzi. Mimi hushughulika na magari ya zamani tu, hasa Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle na Land Rover za kabla ya 1985, na sioni imani inayoyaua magari haya upesi kuliko ile inayosema kwamba mpya ni mpya, na kwamba spea yoyote iliyotoka dukani leo, hata ikiwa ya bei ya kutupa, ni bora kuliko ile iliyokuwa kwenye gari kwa miaka 40.

Imani hiyo inafaa kwa gari la juzi. Peugeot 504 ilianza kuundwa mwaka 1968, na uundaji wake nchini Ufaransa, ukiacha pikapu, ukakoma 1983, kwa hiyo spea zake nyingi zinazouzwa leo hutengenezwa na watu ambao hawajawahi kuuona mchoro wa kiwanda. Wao hupewa sampuli na kuinakili. Anayenakili hulipata umbo, lakini hawezi kujua kwa macho ni plastiki ya aina gani iliyotumika, chuma kilipikwa kwa joto gani, wala mpira ulichanganywa na nini, na mnunuzi naye huridhika pindi anapoona matundu ya skrubu yanalingana.

Chukua mfano wa mwalimu mmoja mstaafu kutoka Njoro, mwenye 504 ile ndefu ya safu tatu za viti, ndugu ya zile zilizokuwa zikibeba abiria kati ya Nakuru na Kisumu kabla ya matatu za Nissan kuziondoa barabarani. Mpwa wake alimshauri abadilishe vitu vya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, vyote kwa pamoja, ili gari lipumzike: pointi (swichi inayokata umeme wa koili), kondensa (kikopo kinachozuia cheche kwenye pointi), rota (kipande kinachozunguka na kuupeleka umeme) na kifuniko. Tangu siku hiyo lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi na kuteremka mjini bila wasiwasi, lakini likianza kupanda kurudi Njoro mchana linakohoa, linapoteza nguvu na kuzima kando ya barabara. Likiachwa nusu saa lipoe, linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Fundi wa kwanza alisafisha kabureta mara mbili. Wa pili alimuuzia pampu ya petroli, mpya pia.

Nililiacha gari hilo likinguruma hadi injini ikashika joto kamili, kisha jioni, mwanga ulipofifia, nikafungua distribyuta na kumwita Mwalimu atazame mwenyewe. Pointi zilikuwa zikirusha cheche za buluu kama mashine ya kuchomelea vyuma, jambo ambalo halitokei kondensa ikiwa hai. Baadaye niliipasua kwa msumeno, nikakuta waya wa ndani umegusishwa tu kwenye karatasi ya metali kwa kubanwa na springi, bila kuchomelewa kwa risasi. Kilipopata joto, kikopo kilitanuka na mgusano ukalegea. Ndiyo maana gari lilipona kila lilipopoa, na ndiyo maana halikuwa na ugonjwa wowote wa petroli.

Rota yake nayo haikuwa na heri. Ukitaka kuipima rota, ondoa kifuniko cha distribyuta, shika waya mkuu wa koili (kifaa kinachoupa umeme wa plagi nguvu) kwa koleo lenye mpini mzuri wa mpira, uuweke milimita chache juu ya bati la katikati ya rota, halafu mwambie mtu azungushe injini kwa starta. Rota nzima haina pa kuupeleka umeme huo, na cheche haitaendelea kuruka. Hii ya Mwalimu iliruka kila mara, maana yake umeme ulikuwa ukipenya plastiki na kuishia kwenye mhimili wa distribyuta badala ya kwenda kwenye plagi. Aghalabu kosa huwa kwenye plastiki duni, au kwenye ribiti iliyopigwa karibu mno na springi ya ndani. Kwa macho, rota hiyo ilikuwa inang'aa kuliko kitu chochote kingine chini ya boneti.

Pointi mpya zenyewe zilikuwa na kasoro isiyoonekana dukani, nayo ni kisigino laini, yaani kile kipande kinachosugua mhimili. Baada ya safari chache mwanya wa milimita 0.4 ulikuwa umepungua hadi karibu nusu, taimingi, yaani wakati wa plagi kurusha cheche, ikachelewa, na injini ikaanza kupata joto. Mtu asiyejua hapo hukimbilia rejeta.

Mwalimu alirudi kwa muuza vyuma chakavu, akabahatika kuikuta kondensa yake ya zamani pamoja na rota katika gunia la aluminiamu, zikiwa bado hazijapimwa kilo. Niliisugua shaba ya rota kwa msasa laini, nikatafuta pointi za kampuni ninayoiamini, na gari likapanda. Pampu ya petroli aliyouziwa ingali kwenye katoni, na sikumshauri aifunge.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu, hata kama utalipeleka gari kwa fundi mwingine: usitupe spea ya zamani, hata iliyoharibika. Mwili wa distribyuta uliochezacheza unaweza kuwekewa bushi mpya ya shaba na fundi wa kukereza, na ukadumu miaka mingine mingi. Pampu ya maji hubadilishwa beringi na sili ndani ya ganda lake lile lile. Masta ya breki, ile pampu inayosukumwa na pedali, ikiliwa na kutu hukerezwa na kutiwa ndani bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, kisha ikafungiwa mipira mipya. Kazi hiyo huchukua siku mbili tatu na huenda ikakugharimu zaidi ya ile masta inayometameta kwenye rafu, na wateja hunung'unika, lakini mimi nimekwisha kuteremka kutoka Mau Summit hadi Salgaa nikiwa na masta ya kunakiliwa iliyokuwa ikivuja kwa ndani, pedali ikizama polepole chini ya mguu wangu, na sina hamu ya kurudia safari hiyo kwa kuokoa shilingi elfu chache.

Wapo wanaoniambia kwamba boksi likiwa na nembo ya kampuni, basi spea ni halali. Boksi huchapishwa popote. Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi tangu mwaka 2008 kwa sababu hiyo hasa, na mimi hutazama kwanza namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, kingo zilivyosafishwa, na uzito ukilinganisha na ya zamani, ambayo natumaini hujaitupa. Nembo ya Peugeot iliyobadilishwa mwaka 2021 ikiwa kwenye boksi la spea ya 404, gari lililokoma kuundwa Ufaransa katika miaka ya 1970, haithibitishi wizi, lakini inatosha kukufanya umuulize muuzaji maswali mawili.

Wengine husema kila kinachotoka Uchina ni takataka. Si kweli, na huu ni uvivu wa kufikiri. Viwanda vya huko hutengeneza kwa kiwango alichokilipia mwagizaji, na mwagizaji aliyeomba bei ya chini kabisa hupewa alichokiomba; nimefunga beringi za Uchina zilizodumu na nimetupa za Ulaya zilizolia mwezi wa kwanza. Kwa Beetle hali ni nafuu zaidi, kwa kuwa gari hilo liliundwa Meksiko hadi mwaka 2003, na spea zilizobaki za wakati huo bado hupatikana.

Kuna na kosa la upande wa pili, la wanaoabudu spea iliyokaa dukani miaka 30 ndani ya boksi lake la asili. Ikiwa ni chuma, nunua na unipigie simu. Ikiwa ni mpira, iache hapo hapo, kwa sababu mpira huzeeka hata kabatini. Bomba la breki la namna hiyo huvimba kwa ndani na kuziba njia ya kurudi, ukiondoa mguu kwenye pedali gurudumu linabaki limeshikwa, na utabadilisha kila kitu kabla ya kulishuku.

Sasa ile imani ya kung'oa thermostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ishike joto, eti huku kwetu ni joto. Injini isiyo nayo hunywa petroli, hukusanya tope kwenye oili na kulika silinda, hasa katika asubuhi za baridi za Molo na Timboroa. Wengi waliong'oa walikuwa wamefunga ya bei rahisi isiyofunguka, wakailaumu thermostati kwa jumla. Ichemshe kwenye sufuria kabla ya kuifunga, ikining'inia kwa uzi na kipimajoto kando yake. Iliyopigwa chapa ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na hapo. Mwezi uliopita nilichemsha nne za katoni moja: mbili zilifunguka vizuri, moja ilichelewa, na moja ilibaki imefumba mdomo maji yakitokota. Na hapa Nakuru, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100, isipokuwa yakishikiliwa kwa presha. Presha hiyo hushikiliwa na kofia ya rejeta. Kwa hiyo kabla hujaniambia gari linachemsha, niletee kofia uliyolinunulia juzi kwa shilingi mia mbili, niibonyeze springi yake kwa kidole gumba mbele yako.