Kwa nini mgonjwa huzidiwa wodini ilhali vipimo vyake vyote vimeandikwa?

Moyo wa mgonjwa aliyelazwa ni nadra kusimama bila dalili za mapema. Mwaka 1990, watafiti wa Miami, Marekani, walipitia mafaili ya wagonjwa 64 waliosimama moyo hospitalini. Kwa 54 kati yao, dalili za kuzidiwa zilikuwa zimeonekana ndani ya saa 8 kabla ya tukio. Swali ni kwa nini dalili zilizokwisha kuonekana hazikumfikisha daktari kitandani mapema.

Tatizo la kwanza ni upumuaji. Huu hubadilika mapema kuliko presha, lakini ndicho kipimo kinachopuuzwa zaidi. Presha na mapigo ya moyo hupimwa na mashine; pumzi sharti mtu asimame ahesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima. Wodi ikijaa, chati hujazwa 18 au 20 kwa kila mgonjwa bila kuhesabu. Hapo hata muuguzi anayejieleza vizuri atakuwa anapeleka taarifa isiyo ya kweli.

Tatizo la pili ndilo kubwa: simu yenyewe. "Dokta, yule wa kitanda namba 6 hayuko sawa, presha imeshuka kidogo." Daktari aliye wodi nyingine na wagonjwa wake husikia jambo linaloweza kusubiri, hujibu "endelea kumwangalia", na simu inaishia hapo. Muuguzi anaamini ameshatoa taarifa, daktari anaamini hajaitwa, na wote wawili wako sahihi.

Linganisha na hii: "Dokta, ni muuguzi wa zamu, wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa kitanda namba 6 anazidiwa. Alifanyiwa upasuaji wa utumbo juzi. Anapumua mara 26 kwa dakika, oksijeni asilimia 93 bila kuongezewa, namba ya juu ya presha 98, mapigo 118, joto 38.4, fahamu anazo. Alama zake ni 10. Saa nne asubuhi zilikuwa 3. Nahofia maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje umwone sasa hivi. Wakati unakuja, nianze oksijeni na nitoe damu ya vipimo?"

Mpangilio huo unaitwa SBAR, kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza: hali ya sasa, historia fupi, tathmini, ombi. Ulianzia kwenye manowari za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini. Sehemu inayorukwa sana ni ombi, hasa pale muuguzi anapoona si nafasi yake kumwambia daktari la kufanya. Lakini bila ombi, daktari anabaki kukisia kama anaitwa au anaarifiwa tu. Daktari naye akijibu, muuguzi arudie maagizo kwa sauti, dawa na kipimo chake, kwa kuwa 15 na 50 husikika vibaya kwenye simu.

Alama zilizotajwa kwenye simu hiyo zinatoka kwenye NEWS2, mfumo wa Uingereza wa kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa, uliotolewa 2017. Upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, joto na fahamu hupewa alama 0 hadi 3 kila kimoja kadiri kilivyo mbali na kawaida, na mgonjwa anayeongezewa oksijeni hupata 2 zaidi. Jumla ya 5 au 6 hutaka tathmini ya haraka na kupima angalau kila saa. 7 na kuendelea ni dharura. Mkanganyiko wa akili ulioanza ghafla peke yake ni alama 3. Kwa hiyo ndugu akisema "leo haongei kama kawaida yake", hicho ni kipimo, kisipite hivihivi.

Alama zisimfunge mtu mdomo, lakini. Muuguzi mwenye wasiwasi huku namba zikiwa nzuri aite. Vigezo vingi vya kuita timu za dharura vinaruhusu hivyo. Na daktari anayefoka akiamshwa usiku ajue kwamba simu inayofuata itachelewa, na anayelipia ni mgonjwa.

Daktari asipofika kwa muda waliokubaliana, muuguzi ampigie aliye juu yake bila kuomba radhi. "Daktari amejulishwa" kwenye faili haitoshi: iandikwe saa ya simu, jina la aliyepokea, namba alizosomewa, alichojibu, na saa aliyofika.