Kiinitete cha kugandishwa si kiporo

Lindi na Mtwara mwanamke akikawia kushika mimba, neno la kwanza utakalosikia ni chango. Akishapigwa utrasaundi, la pili ni vivimbe: "Akatwe hivyo vivimbe, atazaa." Lakini vile vidoadoa vinavyoonekana kwenye ovari za mwenye PCOS, yaani hali ya homoni kuvurugika na yai kutopevuka kwa wakati, si vivimbe vya kukata. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani kwa sababu homoni hazikwenda sawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali hii huwapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa. Wengi hawaanzii kwenye upandikizaji (IVF), ambapo mayai hutolewa, hurutubishwa maabara, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hurudishwa kwenye mji wa mimba. Huanza na vidonge vya letrozole vya kupevusha yai, na wapo wanaoshika mimba kwa hivyo tu, bila kuvuka daraja la Mkapa kwenda Dar es Salaam.

Kwa wale ambao vidonge vimewashinda, mjadala unahamia kwenye kiinitete: kipandikizwe papo hapo, siku chache baada ya mayai kutolewa, au kigandishwe kwanza? Hapo mawifi na mashoga wana jibu tayari. "Cha kugandishwa ni kiporo, kimeshapoteza nguvu."

Kiporo huchacha. Kiinitete kilichomo kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, hakichachi wala hakizeeki. Siku hizi hugandishwa ghafla, kabla maji yaliyomo hayajapata nafasi ya kuwa chembe za barafu za kuchana seli, na katika maabara yenye wataalamu wazuri zaidi ya 9 kati ya 10 huyeyushwa vikiwa hai. Wala si mambo ya majaribio ya jana: mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984.

Kwa wenye PCOS hasa, ushahidi upo. Mwaka 2016 watafiti wa China walitoa matokeo ya wanawake 1,508 wenye hali hii, waliogawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Baada ya upandikizaji wa kwanza, asilimia 49.3 ya waliopangiwa viinitete vilivyogandishwa walijifungua mtoto hai, na kwa waliopangiwa papo hapo ilikuwa asilimia 42.0. Mimba zilizoharibika zilikuwa asilimia 22.0 dhidi ya 32.7. Maelezo yanayotolewa ni kwamba sindano za kuchochea mayai hupandisha homoni mno, na mji wa mimba unakuwa haujatulia kupokea mgeni.

Mimi lakini faida kubwa zaidi naiona kwingine. Utasikia watu wakisema: "Tumbo limejaa baada ya kutolewa mayai? Hongera, imeshika!" Hapana jamani. Ovari za mwenye PCOS zina vifuko vingi, hivyo zikichochewa huweza kupitiliza: huvimba, na maji huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kujaa tumboni. Mimba ikiingia juu yake mambo huzidi, maana homoni ya mimba nayo inaendelea kuzichochea. Katika utafiti ule ule, tatizo hili liliwapata asilimia 7.1 ya kundi la papo hapo na asilimia 1.3 tu ya kundi la kugandisha. Tumbo linalojaa haraka, kutapika kusikokoma, mkojo kupungua, kuhema kwa shida au mguu kuvimba upande mmoja ni mambo ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo. Usipande basi la kurudi Masasi ukitegemea kupumzika nyumbani, maana damu ikiwa nzito na umekaa kitini kutwa nzima, inaweza kuganda kwenye mishipa.

Wengine wakishasikia hayo hukimbilia upande wa pili: basi kila mtu agandishe. Tafiti mbili za mwaka 2018, moja ya China na nyingine ya Vietnam, zilihusisha wanawake wasio na PCOS, na hazikuona tofauti ya maana katika kuzaa. Kugandisha pia kuna gharama zake na safari ya pili.

Wala kugandisha hakuondoi hatari zote. Utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa shinikizo la damu la mimba, lile linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, lilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 4.4 kwa waliopandikizwa vilivyogandishwa. Kwa hiyo ukirudi Kusini na mimba, mwambie wazi mkunga wako, awe wa Ligula, Sokoine au zahanati ya kijijini, kwamba ni ya kupandikizwa na ilitoka kwenye kiinitete kilichogandishwa. Najua wengi huficha, wakiogopa maneno. Lakini yeye ndiye atakayekupima presha na mkojo kila hudhurio, na daktari anaweza kuona unafaa kuanzishiwa asprini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16.

Na kabla ya kupandikizwa, muulize daktari mji wa mimba utaandaliwaje. Ukiandaliwa kwa vidonge vya homoni peke yake, yai halipevuki, na kile kifuko kinachobaki baada ya yai kutoka, ambacho husaidia mishipa ya mama kuizoea mimba, hakipo. Kukosekana kwake kunashukiwa kuchangia presha hiyo. Mwenye PCOS ambaye yai halipevuki lenyewe anaweza kusaidiwa kulipevusha kwa letrozole, vidonge vile vile alivyoanza navyo.