Wadudu wa magamba kwenye nyua za mimea Malindi: kujua siku ya kunyunyiza na namna ya kuurudishia ua uhai

Wenye nyumba wengi wa Malindi hugundua kwamba ua wao wa mimea unaugua wakati mambo yamekwisha kuharibika: majani yamekuwa ya manjano, matawi ya chini yamekauka, na ua uliokuwa ukiwakinga na macho ya wapita njia umeanza kuonyesha yaliyomo ndani. Lawama ya kwanza huangukia ukosefu wa maji, na ya pili chumvi inayoletwa na upepo wa kusi kutoka baharini. Dhana zote mbili zina msingi katika mji huu, na ndiyo maana huwapotezea watu wakati. Kabla ya kuzikubali, shika tawi lililodhoofika ulitazame kwa karibu, hasa kwenye gome na upande wa chini wa majani, kando ya mshipa wa kati. Ukiona vipele vidogo vya kahawia, kijivu au vyeupe vilivyobandika humo kwa wingi, hiyo si hali ya kawaida ya mmea. Ni wadudu wa magamba, ndugu wa wale wadudu weupe wa unga wanaoshambulia mipapai na mihogo yetu, nao hupenda hibiskasi, oleanda, krotoni, mhina na mimea mingine mingi tunayoipanda kuzunguka nyumba.

Jike la mdudu huyu akishakomaa hahami tena, au huhama kwa shida sana. Amechomeka mdomo wake mwembamba ndani ya mmea, anafyonza chakula, na mgongoni ana kifuniko kinachomkinga na jua, mvua na dawa. Aina nyingi hutaga mayai chini ya kifuniko hicho hicho, na nyingine huzaa watoto moja kwa moja. Watoto hao, ambao urefu wao haufiki hata nusu milimita, wana miguu sita na hawana kifuniko chochote. Kwa muda mfupi wa utoto wao hutambaa wakitafuta mahali laini, huku wengine wakipeperushwa na upepo au wakichukuliwa na miguu ya ndege, nguo za mtunza bustani na makali ya mkasi wa kupogolea. Kisha hutulia, huchomeka mdomo na kuanza kujitengenezea gamba. Muda huo mfupi ndio unaoamua kama tiba itafaulu. Dawa inayoua kwa kugusa mwili humwangamiza mtoto anayetambaa kwa urahisi, lakini kwa mama yake hupita juu ya kifuniko tu. Mtu anayenyunyiza kwa sababu ameona magamba mengi, bila kujua kama watoto wametoka, huwa amefanya kazi ya bure, na mara nyingi hurudi dukani kutafuta dawa kali zaidi wakati kosa halikuwa la dawa.

Katika nchi zenye majira ya baridi, watoto hutoka kwa pamoja katika msimu unaojulikana, na kalenda humtosha mtunza bustani. Hapa pwani joto halikatiki, vizazi hupishana mwaka mzima, na ushauri ulioandikiwa Ulaya kuhusu mwezi wa kunyunyiza hautusaidii. Badala yake, tunawashauri wenye bustani wazungushe utepe wa gundi unaonata pande zote mbili kwenye vijitawi vichache vilivyoshambuliwa, kisha wautazame kila wiki kwa kioo cha kukuzia. Nukta za manjano au za rangi ya chungwa zilizonasa kwenye utepe ndizo watoto wenyewe. Asiye na utepe na agongegonge tawi juu ya karatasi nyeupe asubuhi, atazame kama kuna nukta zinazotembea. Zikionekana, nyunyiza, kisha rudia baada ya siku saba hadi kumi, na mara ya tatu baada ya muda kama huo, kwa kuwa mayai yaliyo chini ya magamba hayaanguliwi siku moja.

Kipimo cha pili ni ukucha. Magamba ya wadudu waliokufa hubaki yameng'ang'ania tawini kwa miezi, hivyo kuyaona si dalili ya kwamba tiba imeshindwa. Bonyeza magamba kadhaa katika sehemu mbalimbali za ua: likitoa majimaji, mdudu alikuwa hai, likivunjika kikavu, amekwisha. Gamba lenye tundu dogo la mviringo juu yake lina habari njema zaidi, kwani tundu hilo limetobolewa na nyigu mdogo sana aliyekulia ndani ya mdudu huyo na kumla. Ukikuta matundu mengi ya namna hiyo, weka bomba la dawa chini na usubiri.

Inafaa pia kujua ni kundi gani umelipata. Kuna magamba laini, ambayo kifuniko chake ni ngozi ya mdudu mwenyewe, na magamba magumu, ambayo kifuniko kinabanduka na kumwacha mdudu peke yake juu ya gome. Magamba laini hutoa majimaji matamu yanayonata, ambayo hudondokea majani ya chini, viti vya bustani na magari yaliyoegeshwa kando ya ua. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi, unaoziba mwanga usifike kwenye jani. Ukungu huo hauhitaji dawa yake. Wadudu wakidhibitiwa hukauka na kupukutika, na ukiwa na haraka unaweza kuuosha kwa maji ya sabuni. Magamba magumu hayatoi utamu, kwa hiyo ua unaweza kukauka tawi baada ya tawi bila ya jani hata moja kuwa jeusi, na kwa maoni yangu kundi hili ndilo linalowahadaa watu zaidi.

Utamu huo huvuta chungu, nao huwalinda wadudu wa magamba dhidi ya maadui wao ili waendelee kuunywa. Huku kwetu walinzi hao mara nyingi ni wale chungu waitwao maji moto, na hapa busara inahitajika, maana maji moto hao hao huisaidia minazi kwa kumfukuza mdudu anayefyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke. Kuteketeza viota vyao kote uwanjani ni kuiumiza minazi kwa ajili ya hibiskasi. Kinachotosha ni kukata matawi yanayogusa ukuta, nyaya na miti ya jirani, na kuzungusha kwenye shina kitambaa kilichopakwa grisi. Usipake grisi moja kwa moja kwenye gome, kwani huliunguza.

Tiba yenyewe huanza na mkasi. Kata matawi yaliyofunikwa kabisa na yale yaliyokwisha kufa, uyatie kwenye mfuko papo hapo badala ya kuyaburura uwanja mzima, kisha uyachome au uyafukie. Oleanda isichomwe kamwe, maana sehemu zake zote zina sumu na hata moshi wake ni hatari. Iliyokatwa ifukiwe mbali na mbuzi na ng'ombe. Mashina makubwa yaliyobaki yasugue kwa brashi laini na maji ya sabuni. Kazi hiyo inachosha, lakini kwa ua mfupi wa nyumbani huondoa wadudu wengi kuliko mnyunyizo wowote, kwa kuwa inawabandua hata wale wakubwa ambao dawa haiwafikii.

Kwa kunyunyiza, sabuni ya maji ya mimea kwa kipimo cha mililita 10 hadi 20 katika lita moja ya maji huua watoto watambaao, na mafuta mepesi ya bustani kwa kipimo kama hicho huua watoto pamoja na baadhi ya wakubwa kwa kuziba matundu yao ya kupumulia. Mafuta ya mwarobaini, yanayopatikana kwa urahisi katika pwani yetu, hutumiwa kwa mililita 5 hadi 10 katika lita moja, baada ya kukorogwa kwanza na sabuni kidogo ili yachanganyike na maji. Bomba litikiswe mara kwa mara, kwani mafuta hupanda juu. Lebo ya bidhaa uliyonunua ikitaja kipimo kingine, fuata lebo. Unga wa kufulia nguo usitumike, kwa sababu huunguza majani.

Jambo ambalo watu wa Malindi huliacha bila kulifikiria ni maji yenyewe. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Sabuni ikikutana na chokaa hugeuka utando mzito usio na nguvu, hali ambayo kila anayefua kwa maji ya kisima anaijua. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye paa. Jaribu mchanganyiko kwenye majani machache na usubiri siku mbili kabla ya kuendelea na ua wote. Mwagilia ua siku iliyotangulia, na unyunyize alfajiri au jioni, hasa wakati wa kaskazi ambapo jua la mchana likikuta mafuta juu ya jani lenye kiu huliunguza. Hakikisha dawa imefika chini ya majani na katikati ya ua, maana wadudu hujaa zaidi kusikofika mwanga.

Dawa kali za viwandani ziwe za mwisho. Zile zinazoua kila mdudu huwamaliza pia nyigu na mbawakavu wanaowala wadudu wa magamba, na baada ya wiki chache magamba hurudi kwa wingi kuliko kwanza kwa kuwa hakuna wa kuyapunguza. Zile zinazonyonywa na mizizi huingia hadi kwenye maua, ambako nyuki hujilisha, na hazina nguvu kubwa dhidi ya magamba magumu. Katika eneo lenye wafuga nyuki kando ya hori la Mida, na wakulima wa vipepeo wanaouza pupa, yaani mabuu yaliyokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, kupitia mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993, kosa la bustani moja halibaki ndani ya bustani hiyo. Atakayelazimika kuzitumia anunue zilizosajiliwa na PCPB, bodi inayodhibiti viuatilifu nchini, na asinyunyize mimea iliyochanua. Nguvu ya maadui wa asili isidharauliwe: huko Ushelisheli, minazi iliyokuwa ikiangamizwa na wadudu wa magamba ilinusurika baada ya mbawakavu wadogo kuletwa kutoka India mwishoni mwa miaka ya 1930.

Ua uliotibiwa hauwi kijani mara moja. Majani yaliyokwisha kuwa ya manjano hayarudi. Tazama machipukizi mapya. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani tawi lina uhai, pakiwa kahawia kavu likate hadi ufike penye kijani. Ua mkuukuu uliochakaa usiukate wote kwa pamoja. Ondoa takriban thuluthi moja ya mashina makongwe, karibu na ardhi, mwezi wa Machi ili mvua za masika zikute vichipukizi, na thuluthi nyingine mwaka unaofuata. Mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kila siku, na ufunike ardhi kwa makumbi yaliyooza au majani makavu, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi huzaa machipukizi laini ambayo wadudu huyapenda, kwa hiyo samadi iliyoiva inatosha. Nyua zilizo kando ya barabara za vumbi zioshwe majani mara kwa mara, maana vumbi huwasumbua nyigu na mbawakavu kuliko linavyowasumbua wadudu wenye magamba.

Pale ambapo zaidi ya nusu ya ua imekufa, gharama ya kuutibu hupita gharama ya kupanda upya. Ng'oa, na safari hii changanya aina tatu au nne, kwa kuwa mdudu anayependa hibiskasi hatapata njia iliyonyooka kutoka mwanzo wa ua hadi mwisho. Miche inayotoka kitaluni igeuzwe majani mmoja mmoja kabla ya kulipiwa, kisha itengwe mbali na bustani kwa wiki tatu au nne huku ikikaguliwa kwa utepe ule ule.