Baiskeli ya injini: hesabu meno ya sproketi kabla ya kuuliza cc

Wengi wanaotaka kufunga injini kwenye baiskeli huanza na swali la "cc 48 au cc 80?" Mimi huanza na mzigo na mlima. Injini hizi za Kichina za kuchanganya petroli na oili hazina gia za kubadilisha. Ukishaachia klachi, uwiano kati ya mizunguko ya injini na ya gurudumu ni uleule mpaka spidi ya mwisho, na ukiukosea, cc hazikuokoi.

Hiyo "cc 80" yenyewe uipime. Nyingi zina silinda ya kipenyo cha mm 47 na mwendo wa pistoni wa mm 38, yaani cc 66. Ya cc 48 ina mwendo huohuo, silinda mm 40. Kubwa inavuta zaidi, lakini pistoni yake ni nzito na mtikisiko ni mkali, kwa hiyo nati hulegea mapema. Kwa mtu mmoja kwenye njia tambarare, 48 inatosha kabisa. Ukiwa na kilo 50 kwenye keria na kuna milima, chukua 66.

Sasa meno. Ndani ya injini mzunguko hupunguzwa mara 4.1. Sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele ina meno 10, ya nyuma 44, kwa hiyo injini huzunguka mara 18 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, gurudumu la inchi 26 linakupa kilomita 34 kwa saa. Baiskeli zetu za mizigo zina gurudumu la inchi 28, lenye mzingo wa karibu mita 2.2, na hapo unapata 37. Unafurahia spidi, kumbe ni sawa na kupunguza karibu meno matatu nyuma, na mlimani utayadai.

Ukiweka meno 36 nyuma utafika kilomita 45 kwa saa kwenye lami tambarare. Lakini mlimani, kwa kilomita 15 kwa saa, injini itakuwa kwenye mizunguko 1,700 tu, juu kidogo ya sailensa, yaani mizunguko ya injini inapowaka bila kuvutwa mafuta. Haina nguvu hapo. Utabana klachi nusu ili isizime, pedi ziungue, silinda ichemke. Kwa meno 50 spidi hiyohiyo inakupa mizunguko 2,300, na ukomo wa spidi unashuka hadi kilomita 32 kwa saa. Kwa mzigo, naichagua 50 bila kusita. Ila usiipeleke kilomita 40 kwa saa kwenye mteremko ukiwa umevuta mafuta. Injini italia, na beringi ya pistoni ndiyo itakayolipa.

Kutoka 44 kwenda 50 cheni inahitaji pingili tatu zaidi. Kwa kuwa pingili huongezwa mbilimbili, weka nne, kisha kaza kwa kusogeza gurudumu nyuma. Angalia pia sproketi isiguse fremu.

Kabla ya kulipa, hesabu spoku za nyuma. Sproketi inayokuja na seti ya injini hubanwa kwenye spoku kwa raba na bolti 9, mpangilio wa spoku 36. Baiskeli nyingi za inchi 28 zina 40 nyuma, na bolti zitaangukia juu ya spoku. Usizilazimishe, spoku zitakatika moja baada ya nyingine. Tafuta rimu na habu ya 36, na ukiwa hapo badilisha breki za fimbo, hazisimamishi mzigo kwa spidi hii.